Gitaa Linalolia Kama Nyuki Ndani ya Mkebe



Wiki mbili zilizopita nilipigiwa simu na mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, saa tano za usiku. Kijana huyu hanipigii usiku ila kuna msiba au kuna pesa zinatakiwa. Safari hii halikuwa moja wala jingine.

"Shikamoo mjomba. Nisamehe kukuamsha. Gitaa langu linalia kama nyuki ndani ya mkebe. Meneja amesema wageni wakilalamika tena Jumamosi, mkataba ndio basi."

Mpwa wangu hupiga gitaa katika bendi ya hoteli moja ya ufuoni, pwani ya kusini. Mchana hutengeneza simu kwenye kibanda, na tangu shemeji yangu afariki, pesa za hotelini ndizo zinazolipa karo ya wadogo zake wawili. Kwa hivyo nyuki wale hawakuwa wa kuchekewa. Wageni wa hoteli ile wengi ni Wajerumani na Waingereza wa umri wangu na kupita, na wakishakula huomba roki ya zamani, ile ya miaka ya 1960 na 1970. Bendi inazijua nyimbo vizuri. Kilichokuwa hakipatikani ni ile sauti.

Najua wapo watakaoniandikia kuuliza mwanamume wa Kiislamu mwenye ndevu za mvi ana habari gani na roki. Hukumu ya muziki nawaachia masheikh, wao ndio wenye elimu yake. Mimi nina diploma ya umeme na elektroniki, na kabla ya kuoa nilipiga gitaa hotelini miaka minne. Nasema ninachokijua.

Tuanze na sauti yenyewe inatoka wapi, maana vijana wengi hudhani ni pedali fulani ya bei kubwa. Ilianza kama kasoro. Mwaka 1962 bwana mmoja aitwaye Jim Marshall, mwalimu wa ngoma aliyekuwa na duka la vyombo vya muziki Hanwell, magharibi mwa London, alikuwa akisikia wateja wake wakilalamika kuwa amplifaya za Fender kutoka Marekani ni ghali mno. Yeye na mafundi wake, Ken Bran na Dudley Craven, wakaichukua saketi ya amplifaya moja ya Fender iitwayo Bassman, wakaiunda upya kwa vipuri vilivyopatikana Uingereza. Wakaipa jina JTM45. Kumbuka kwamba Bassman ilikusudiwa gitaa la besi. Vijana wa gitaa la kawaida wakaichomeka hivyo hivyo, wakaifungua mpaka mwisho, ikaanza kukwaruza. Wakaipenda.

Kukwaruza huko ni nini? Sauti ya gitaa ndani ya waya ni wimbi la umeme, lina kilele na bonde. Amplifaya kazi yake ni kulikuza wimbi hilo, lakini ina dari yake. Ukiitaka ikuze kupita dari, vilele hukatwa vikawa bapa, mfano wa mtu mrefu anayepita kwenye mlango mfupi. Wimbi lililokatwa kichwa huzaa sauti nyingine ndogo ndogo za juu ambazo hazikuwepo kwenye uzi wenyewe, na hizo ndizo sikio letu huziita ukwaruzo. Valvu za zamani, zile chupa za kioo zinazong'aa rangi ya machungwa, hukata taratibu, kilele kinaviringika kabla ya kuwa bapa. Transista huelekea kukata ghafla. Ndiyo sababu valvu husikika nene na transista hukereza, ingawa siku hizi mafundi wana njia nyingi za kuifanya transista iige valvu.

Wapo waliofika kwenye ukwaruzo kwa njia za kihuni zaidi. Mwaka 1964 Dave Davies wa bendi ya Kinks alilikata karatasi la spika yake kwa wembe ili litetemeke vibaya. Wembe wa kunyolea! Sikushauri, spika siku hizi ni ghali.

Sasa shida ya amplifaya hizo za mwanzo ni kwamba hazikuwa na namna ya kukwaruza kwa sauti ndogo. Ukitaka ukwaruzo, fungua mpaka valvu zilemewe. Marshall walikuja kuweka kifundo cha pili cha sauti, kile kinachoruhusu kukwaruza mwanzoni na kupunguza mwishoni, mwaka 1975. Waliopiga kabla ya hapo walipiga kwa kelele kubwa kwa sababu hawakuwa na njia nyingine. Sisi wa baadaye tulikuwa na njia, lakini tulipiga kwa kelele kwa sababu ya ujinga. Sikio langu la kushoto linalia mpaka leo, mlio mwembamba kama wa mbu, hauzimi. Huwa wazi zaidi usiku wa manane, na nikiswali alfajiri kwenye kimya naswali nao.

Kwa hivyo hesabu hii muiweke akilini. Wati hazipandi na sauti kwa mstari mmoja. Ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3 tu, badiliko ambalo sikio huliona dogo. Ili sikio liseme "sasa imekuwa kubwa maradufu", unahitaji kama mara kumi ya wati. Maana yake amplifaya ya wati 50 ina kelele maradufu tu ya ile ya wati 5, si mara kumi. Kijana anayeuza pikipiki anunue amplifaya ya wati 100 ya kupigia kando ya bwawa la kuogelea anatupa pesa. Na kwa upande wa masikio, wataalamu wa afya kazini huhesabu desibeli 85 kuwa mwisho wa saa nane za kazi, kisha kila desibeli 3 zinazoongezeka zinakata muda huo nusu. Ukifika 100 una robo saa tu. Bendi ya hoteli hupiga saa tatu.

Turudi kwa mpwa wangu. Jumamosi nilivuka kivuko baada ya adhuhuri, nikafika hotelini bendi ikipanga vyombo. Nikawaomba wapige kidogo kabla sijagusa chochote. Wallahi nyuki walikuwa nyuki. Sauti nyembamba, kali, inachoma sikio, na ngoma zilipoingia gitaa likapotea kabisa, ikabaki ile "tsss" tu juu ya matoazi. Kijana akafanya kile ambacho kila mpiga gitaa asiyejisikia hufanya: akaongeza ukwaruzo. Nyuki wakawa nyigu.

Nikaenda kutazama vifundo. Trebo ilikuwa imefunguliwa kama namba 8 kati ya 10. Kifundo cha sauti ya kati kilikuwa chini, kwenye 2. Besi ilikuwa mwisho kabisa.

"Nani amepanga hivi?"

"Ni mzee wetu wa jukwaa, mjomba. Mimi hutoka kibandani nikichelewa, yeye ndiye hunipangia. Nilimwandikia kwenye karatasi."

Karatasi ilikuwa imebandikwa nyuma ya amplifaya kwa selotepu. Imeandikwa T 9, M 3, B 12. Kijana aliinukuu kutoka video ya Mmarekani mmoja anayefundisha roki ya zamani. Wapiga gitaa wa huko hutaja mahali pa kifundo kwa mfano wa mkono wa saa: kikitazama juu wima ni "kumi na mbili", kikitazama kulia ni "tatu", kikitazama kushoto ni "tisa". Mzee wa jukwaa, mtu wa Msambweni anayehesabu saa kama mimi na wewe, aliuliza tisa ni nini, akaambiwa ni saa. Basi akaweka trebo saa tisa. Saa tisa yetu mkono unatazama wapi? Kwenye 3, kulia. Na saa tatu yetu unatazama kwenye 9, kushoto. Kila kilichotakiwa kushuka kilipanda, na kilichotakiwa kupanda kikashuka!

Besi ndiyo iliyonichekesha zaidi. Saa kumi na mbili yetu mkono unatazama chini wima, na kifundo cha amplifaya hakifiki huko, kwa sababu safari yake inaanzia chini kushoto na kuishia chini kulia. Mzee alikizungusha mpaka kikagoma, akakiacha hapo, akamwambia kijana kifundo kimeharibika. Miezi miwili walikuwa wakitafuta pesa za kukipeleka kwa fundi.

Tulicheka mpaka mzee akachukia kidogo. Nikamwambia, ami, wewe hukukosea, umesoma saa vizuri. Aliyekosea ni aliyeandika.

Lakini kurekebisha karatasi hakukutosha, na hapa ndipo nataka mnisikilize mnaopiga. Kwanza hiyo sauti ya kati. Ukiwa peke yako chumbani, ukishusha sauti ya kati na kupandisha besi na trebo, gitaa husikika tamu na pana. Ni hadaa. Uzi wa chini wa gitaa hutetemeka kama mara 82 kwa sekunde, na uzi wa chini wa gitaa la besi kama mara 41. Ngoma kubwa nayo iko huko huko chini. Juu kuna matoazi. Gitaa nafasi yake katika bendi ni kati, pale pale inapokaa sauti ya binadamu. Ukiitoa hapo, umelitoa kwenye bendi. Wenye masikio ya taarabu wanalijua hili bila kufundishwa: mpiga fidla hashindani na dumbak wala na besi, ana mahali pake na mwimbaji ana pake. Marshall za zamani husifiwa kwa sababu hiyo, sauti ya kati imejaa.

Tulipandisha kati mpaka 7, trebo tukaanza 2 tukaona imekuwa nzito mno, tukaipandisha 3. Besi 4. Mpiga besi akanitazama kwa shukrani, maana kumbe miezi miwili alikuwa akidhani yeye ndiye mbovu.

Pili, ukwaruzo wenyewe. Sikilizeni rekodi za AC/DC kwa makini, hasa gitaa la Malcolm Young, yule mkubwa wa nduguye Angus. Si sauti chafu kama watu wanavyodhani. Karibu ni safi, ina makali tu pale anapopiga kwa nguvu. Ukubwa unatoka kwenye mkono na kwenye magitaa mawili yanayopigwa kwa pamoja sawasawa. Ukizidisha ukwaruzo kila noti inakatwa kiwango kimoja, ya nguvu na ya upole zote zinalingana, na kodi yenye nyuzi sita inakuwa uji. Kanuni yangu ni hii: fungua mpaka upende, kisha rudisha robo. Amplifaya ya mpwa wangu ni ya transista, wati 60, na upande wake wa kukwaruza ni mbaya, hauna dawa. Tukauacha kabisa. Tukatumia upande safi, mbele yake pedali ya ovadraivu, ukwaruzo wa pedali chini kidogo ya nusu, sauti yake ya kutoka juu ya nusu.

Kisha nikamwonyesha kitu ambacho vijana wa pedali wamekisahau: kifundo cha sauti kilicho kwenye gitaa lenyewe. Kishushe mpaka 5 au 6, ukwaruzo unasafika, unaimbia kwa upole. Kifungue mpaka 10 wakati wa solo, unarudi mkali. Wazee hawakuwa na amplifaya za pande mbili na swichi ya mguu, kidole kidogo ndicho kilichokuwa swichi yao.

Bingwa wa hilo ni Brian May wa Queen, na hapa naomba ruhusa nikae kidogo, kwa kuwa bendi hiyo ina mguu kwetu. Mwimbaji wake, Freddie Mercury, alizaliwa Mji Mkongwe, Unguja, mwaka 1946, kwa jina la Farrokh Bulsara, familia ya Kiparsi, na walihamia Uingereza mwaka 1964. Wageni wa hotelini huuliza habari zake kila wiki kana kwamba Unguja ni mtaa wa pili. Lakini mimi aliyenishangaza siku zote ni mpiga gitaa. May alilitengeneza gitaa lake mwenyewe na babake, Harold, wakianza mwaka 1963, kwa sababu hawakuwa na pesa za kununua la Kimarekani. Shingo yake waliichonga kutoka mbao za meko ya zamani, na springi zake zilitoka kwenye pikipiki. Kila pikapu, ile sumaku yenye waya inayosikiliza nyuzi, si gari la kubebea mizigo, ameipa swichi zake. Amplifaya zake ni Vox AC30, za wati 30, nazo hazifungui nusu. Huziacha wazi, mbele yake kuna kidude kidogo cha kuongeza trebo kinachozisukuma valvu mpaka zilemewe, kisha kila kitu anakiendesha kwa kifundo cha gitaa. Na risha yake si ya plastiki. Hupigia sarafu ya zamani ya Uingereza, ya peni sita. Mpiga udi yeyote wa Mombasa anaweza kukueleza kuwa risha hubadilisha sauti kuliko watu wanavyofikiri.

Nilimpa mpwa wangu risha nene badala ya ile laini aliyokuwa nayo. Tofauti ilisikika mpaka jikoni. Mpishi alitoka kutazama.

Pedali nyingine sitakaa nazo sana. Mpangilio wa kawaida kutoka kwenye gitaa ni wawa kwanza, kisha za kukwaruza, kisha mwangwi mwishoni. Ukiweka mwangwi kabla ya ukwaruzo, kila mrudio nao unakwaruzwa na mambo yanachafuka. Mwangwi wa roki ya zamani ulikuwa wa mashine za tepu, mrudio wake si mkali, kwa hivyo mwangwi wa milisekunde 300 hivi, mirudio miwili au mitatu, uwe chini kiasi kwamba huusikii mpaka uzimwe. Mpwa wangu alikuwa nao umejaa kama mtu anayeimba kisimani.

Jambo la mwisho halikuhusu vifundo. Amplifaya ilikuwa sakafuni, imeelekea miguuni mwake. Sauti za juu kwenye spika hazitawanyiki, hutoka mbele kama mwanga wa tochi. Yeye aliyesimama juu yake alikuwa hazisikii, ndiyo maana akiongeza trebo, na mzee wa Kijerumani aliyeketi meza ya mbele alikuwa akipigwa nazo usoni. Tuliomba kreti moja ya soda tupu, tukaiweka juu yake, tukailaza kidogo kuelekea kichwa cha kijana. Alipopiga mara ya kwanza aliruka. "Mjomba, kumbe ndivyo ilivyokuwa?" Ndivyo.

Kwa kuwa nina diploma ya umeme na nafasi bado ipo, niseme mawili ya hatari. Mwaka 2003 nilinunua amplifaya ya valvu iliyotumika, kutoka kwa baharia mmoja aliyeileta kutoka Marekani. Sikusoma nyuma. Ilikuwa ya volti 120, nikaichomeka kwenye 240 zetu. Moshi, harufu, na mshahara wa miezi mitatu ukaenda. Ukiletewa chombo cha huko, soma nyuma kwanza, na kama si cha volti zetu tafuta transfoma ya kushusha. Na usifungue amplifaya ya valvu kwa sababu umeichomoa ukutani. Kapasita za ndani huweza kushikilia umeme wa volti zaidi ya 400 baada ya kuzimwa, na umeme huo unaua. Kadhalika wale wanaong'oa mguu wa waya wa ardhi kwenye plagi ili kuondoa mvumo. Mkono uko kwenye nyuzi, mdomo unagusa maikrofoni, ardhi haipo. Mvumo ni afadhali.

Chumvi yetu ya baharini pia inastahili laana yake. Nusu ya mikwaruzo wanayoilalamikia wapiga gitaa wa hoteli za ufuoni ni kutu kwenye matundu ya kuchomekea waya. Safisha kwa dawa ya kusafishia vifaa vya umeme, futa nyuzi kila usiku kwa kitambaa kikavu.

Baada ya Isha bendi ilianza. Meneja alikuja kusimama karibu na baa, mikono kifuani, akakaa nyimbo tatu. Wa nne ukiwa unaendelea akaondoka kwenda kushughulikia meza nyingine. Hakusema kitu. Mzee wa Kijerumani wa meza ya mbele alibaki mpaka mwisho.

Mkataba mpya haujaandikwa hadi ninapoandika haya, lakini Jumamosi iliyofuata waliitwa tena, na pia hii inayokuja. Karatasi ya zamani nilimwambia aichane. Ile mpya inasema trebo 3, kati 7, besi 4, na chini yake mzee wa jukwaa ameandika mwenyewe kwa kalamu nyekundu: HIZI SI SAA.